Je, Mguu Husali? Mjadala juu ya Hija ya Miguu kwenda Namugongo

KATEKISTA: Mtu atokaye Busia mpakani akaishika barabara kuu, akapita Bugiri na Iganga, akauvuka mto Nili penye Jinja, akaupenya msitu wa Mabira mpaka Lugazi na Mukono, hata siku ya mwisho akaliona paa la msonge la kanisa la Namugongo, mtu huyo amesali sala moja yenye urefu wa kilomita zipatazo 200; na hata ikiwa ulimi wake ulinyamaza nusu ya njia, viungo vyake havikunyamaza. Mimi nashikilia ya kwamba mwendo wenyewe ni ibada, wala si chombo tu cha kumfikisha mtu mahali penye ibada, na ya kwamba yule aendaye kwa basi alfajiri ya tarehe 3 Juni, sikukuu ya mashahidi wa Uganda, akarejea magharibi, ingawa sitamnyima fadhila yake, amehudhuria sikukuu lakini hakuhiji.

MUUGUZI: Sanduku la dawa nyuma ya msafara wako hulibeba mimi, Katekista, kwa hiyo usinihesabu katika wenye dhihaka. Lakini kila usiku, mahujaji wajinyooshapo juu ya sakafu ya madarasa tuliyoazimwa, nami nikiwaosha nyayo kwa maji ya chumvi na kuyafunga malengelenge yao, huwauliza walichokitafakari mchana kutwa, na ni wachache mno wanaonitajia Mungu. Mmoja aliwaza raba iliyokuwa ikimbana kidole. Wa pili aliwaza blanketi lililolowa mvua. Wa tatu aliwaza malori ya mizigo yaliyompita karibu sana hata upepo wake ukamtupa kando ya lami. Na karibu wote waliwaza uji. Ikiwa mwendo ni sala, imekuwaje wenye kusali wasijue walisali nini?

KATEKISTA: Ni kwa sababu umewauliza usiku, na usiku hujaji huwa ni miguu mitupu. Ungaliwauliza saa mbili ya asubuhi, rozari inapokwenda. Tazama jinsi inavyosaliwa: nusu ya msafara iliyo mbele huianza Salamu Maria, na nusu iliyo nyuma huipokea na kuimaliza, Matendo ya Furaha kabla jua halijawa kali, Matendo ya Uchungu kilima kinapoanza, na kila mtu, katika kila sala moja, hupewa muda wa kusema na muda wa kuvuta pumzi ilhali wengine wanamsemea. Aliyeishiwa na sauti kabisa hubebwa na sauti za wenziwe, wala haachi kuwa ndani ya sala. Jambo hili halipatikani kwa mtu aliyejifungia peke yake chumbani, ambaye akichoka yeye, sala yake nayo imechoka.

MUUGUZI: Chumba hicho unachokidharau kimetajwa katika Injili, na aliyekitaja hakukitilia kipaza sauti. Nakiri ya kuwa kule kupokezana ni kuzuri, nami mwenyewe kumenivusha vilima. Ila chombo kilichofungwa juu ya gari la msafara hakinyamazi tangu mpakani: rozari ikiisha huja litania, litania ikiisha huja kwaya, kwaya ikiisha huja tangazo la aliyepoteza kitambulisho, na kabla tangazo halijaisha kuna mtu amekwisha kuanza wimbo mwingine. Mama mmoja aliniambia kwamba alikuja kumlilia mwanawe aliyemzika mwaka ule ule, na katika njia yote hiyo hakupata kipande cha kimya kilichotosha kumlilia. Unasema miguu yake ilisali. Mimi nasema kinywa cha mwingine kilimzuia.

KATEKISTA: Maneno ya mama huyo yananichoma, wala sitayaondolea uzito. Lakini nawe ukumbuke saa tunayoondoka, yaani usiku wa manane, ili tulitangulie jua. Na kwamba watu huwa mamia, wenye nguvu wako mbele na wazee wako nyuma, kati yao kuna giza, na katika giza hilo yanakuja malori ambayo madereva wake hawajalala. Wimbo ndio unaomwambia wa nyuma ya kwamba wa mbele hajapotea, na ndio unaomwambia dereva ya kwamba hapa kuna watu. Kimya ni kitu kizuri sana penye ukuta na mlango. Barabarani, kimya hutawanya.

SHEHE: Mimi si wa kanisa lenu, na katika baraza hii nimeitwa kwa ujirani tu, basi nitasema kwa staha, nanyi mtaniwia radhi. Naona mmekwisha kutoka katika swali na kuingia katika taratibu za usalama, ambazo ni jambo jema lakini si ibada. Kwa maana ikiwa wimbo ni wa kuwaonya madereva, taa nyekundu ingalifaa vilevile. Turudi penye mguu. Katika vitabu vyetu yamo mapokezi mashuhuri ya kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwona mzee akiburuta miguu baina ya wanawe wawili waliomshika, akauliza ana nini, akaambiwa ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu mpaka Nyumba Tukufu. Jawabu lake lilikuwa kwamba Mwenyezi Mungu hana haja ya mtu huyo kujiadhibu, akaamuru apande mnyama. Tafadhalini mzingatie: hakusema nia ya mzee ni mbaya, alisema adhabu ile haihitajiki. Na hija yenyewe, iliyo nguzo ya dini, kwetu ni faradhi kwa mwenye uwezo tu, na uwezo huo ni wa mali, wa afya na wa amani ya njia. Sasa ninyi, ambao hata hamkufaradhishiwa, mwachukua wazee wenye shinikizo la damu mkawatembeza juani!

KATEKISTA: Nimekusikia, Shehe wangu, lakini jirani zangu Waislamu wameniambia pia ya kwamba Kitabu chenu, kinapotaja Ibrahimu alivyoamrishwa kuwatangazia watu hija, huwataja waendao kwa miguu kwanza, ndipo kikawataja wapandao ngamia waliokonda kwa safari. Mbona mguu umetangulizwa?

SHEHE: Wamekwambia kweli. Na wanazuoni wetu wamekhitilafiana tangu zamani juu ya lililo bora, kutembea au kupanda, na wengi wao wameegemea kupanda, kwa kuwa Mtume katika hija yake ya kuaga alipanda ngamia. Mwenye miguu ametangulizwa, kwa ufahamu wangu mdogo, ili fakiri asione haya mbele ya tajiri. Hakutangulizwa ili tajiri ashuke ngamiani akajifanya fakiri.

KATEKISTA: Hapo ndipo penye siri, nami nashukuru umepagusa. Kila mtu aanzaye safari yetu huanza akiwa tajiri wa kitu, huyu wa cheo, huyu wa elimu, huyu wa jina lake katika parokia, na siku ya kwanza husali sala za kitajiri, ndefu, zenye maneno mazuri. Siku ya tatu maneno yamekwisha. Lile alilolilalamikia Muuguzi, kwamba watu jioni huwaza maji na uji, mimi naliona kuwa ni ushindi. Kwa sababu mtu ambaye matamanio yake yote yamepukutika, yakabaki kikombe cha maji, amefika mahali ambapo watawa hukaa miaka mingi wakipatafuta.

SHEHE: Ndugu yangu, hata punda wa Lamu afikapo kisimani baada ya kubeba mawe tangu asubuhi huwaza maji tu, wala hatujamwita walii. Kupungukiwa na fikra si kutakasika kwa fikra. Tafakuri ni kazi ya akili iliyo macho, inayojihesabu na kujihukumu: nilimdhulumu nani, nilimnyima nani, nimebakiwa na nini, na akili iliyochoka haijihukumu, inajihurumia.

MUUGUZI: Hilo la kujihurumia nimeliona kwa macho yangu. Lakini, Mzee wangu, sitakuacha upite bure. Katika zikri ya tarika ya Kadiria, kama isomwavyo Bagamoyo katika ziara ya Shehe Ramiya na kwingineko pwani, je, watu hawatumii mwili? Hawaendi mbele na nyuma, hawavuti pumzi kwa nguvu mpaka jasho likawatoka? Nao wanasema ya kwamba mwili ukichoka, moyo hufunguka. Na katika hija yenu, kule kwenda baina ya Safa na Marwa mara saba, ni nini kama si miguu kusali?

SHEHE: Umenibana vizuri, binti yangu. Ni kweli, na wako wenzangu wanaoipinga zikri ya namna hiyo kwa hoja kama hizi hizi ninazozitoa mimi, nami nikiwajibu huzungumza kama Katekista. Ila tofauti iko katika mpaka. Safa na Marwa ni mara saba, si nane. Na aliye mgonjwa husukumwa katika kiti chenye magurudumu, au hubebwa, na ibada yake hukamilika sawasawa na ya aliyekwenda kwa miguu yake. Basi sheria yenyewe imekwisha kutoa ushahidi ya kuwa kiini hakimo katika nyayo. Katekista anasema wa basi hakuhiji. Namwuliza: na yule mzee unayempandisha gari la Muuguzi pale Lugazi, miguu imemvimba, naye amehiji au hakuhiji?

KATEKISTA: Amehiji.

SHEHE: Kwa nyayo zipi?

KATEKISTA: Kwa zile alizokwisha kuzitoa, Shehe. Mwenye kutoa vyote alivyo navyo hahesabiwi pungufu kwa kuwa wenzake walikuwa na zaidi. Lakini yule wa basi alikuwa na nyayo zake zote, akazihifadhi.

MUUGUZI: Mapapa watatu wamefika Namugongo: Paulo wa Sita mwaka 1969, baada ya kuwatangaza mashahidi 22 kuwa watakatifu mwaka 1964; Yohane Paulo wa Pili mwaka 1993; Fransisko mwaka 2015. Sijasikia hata mmoja aliyetembea kutoka Busia.

KATEKISTA: Papa alikuja kutukuta sisi. Kama pasingalikuwako waliotangulia kufika, angalikuta nguzo 22 za kanisa na nyasi. Na ukitaja waliofika, wataje na wa kwanza: padri Lourdel, yule ambaye Waganda walimwita Mapera, na bradha Amans, ambao msafara wao uliondoka Bagamoyo mwaka 1878, wakatembea nchi kavu miezi na miezi mpaka ziwani, wakavuka kwa mtumbwi na kuingia Buganda Februari 1879. Imani yetu ilikuja kwa miguu.

MUUGUZI: Ilikuja kwa miguu kwa kuwa njia ya reli haikuwako. Ilipofika Kisumu mwaka 1901, sijapata kusoma habari za padri aliyeikataa.

SHEHE: Na kama ni kutangulia kufika, nasi tulitangulia. Wafanyabiashara wa pwani, akiwamo Ahmed bin Ibrahim, walikuwa Buganda tangu mwaka 1844, enzi ya Kabaka Suuna. Na kabla ya moto wenu wa 1886, Kabaka Mutesa alikuwa amekwisha kuwaua Waislamu Namugongo hapo hapo mwaka 1876, vijana walioamini dini kwa dhati hata wakakataa nyama ya mchinjaji asiyetahiriwa, ingawa mwenye nyama alikuwa mfalme wao. Hao sisi hatuwaendei kwa msafara. Twawaombea dua tulipokaa, nami sidhani dua hiyo hupotea njiani.

KATEKISTA: Sikusema hupotea. Lakini sisi kufuata nyayo kuna sababu yake katika kisa chenyewe. Mashahidi wetu walihukumiwa Munyonyo Mei 1886, wakaswagwa kwa miguu, wamefungwa kamba, kwenda Namugongo, na wengine hawakufika: Ponsiano Ngondwe aliuawa njiani, Athanasi Bazzekuketta aliuawa Nakivubo, mahali ambapo leo watu huenda kutazama mpira. Njia ile ni sehemu ya kifo chao. Na Karoli Lwanga, aliyetengwa na wenziwe akachomwa peke yake kwa moto wa polepole, mapokeo yasema moto ulianzia miguuni. Nikitazama lengelenge langu nikiwa Mabira, siwezi kujizuia kuukumbuka mguu ule. Hiyo si tafakuri?

MUUGUZI: Ni tafakuri, tena ni nzuri kuliko zote ulizozitaja leo. Lakini usikisome kisa nusu. Walipofika Namugongo hawakuuawa siku ile. Waliwekwa katika kongwa na pingu, wakangoja muda wa wiki nzima kuni zikikusanywa, mpaka tarehe 3 Juni, Alhamisi ya Kupaa Bwana. Katika wiki hiyo hawakuwa na pa kwenda. Walisali wakiwa wameketi, wamefungwa, wakisikia kuni zikikatwa. Mbona ninyi mmeichukua sehemu ya mwendo mkaiacha ya kungoja? Mahujaji wako hufika jioni ya tarehe 2, hulala uwanjani, husikiliza misa, hujaza chupa za maji ya kisima, na kabla ya usiku wamo garini kurudi nyumbani. Njiani siku nyingi, mahali penyewe siku moja!

KATEKISTA: Likizo ya watu ni fupi.

MUUGUZI: Basi wapande basi waende, wakae huko siku hizo wangoje.

SHEHE: Nami naongeza jambo ambalo huenda likachukiza. Wale walifungwa kamba, ninyi mwenda wenyewe. Na anayekwenda mwenyewe mbele ya macho ya watu, huku akipiga picha kwa simu kila penye kibao cha mji na kuzituma nyumbani kabla hajaketi, anakabiliwa na maradhi ya riya, ambayo huila ibada kutoka ndani hata mwenyewe asitambue. Msafara wenye sare, bendera na ngoma ni mahali ambapo ikhlasi hupata taabu kuishi.

KATEKISTA: Picha ni za siku ya kwanza, Shehe. Siku ya nne hakuna apigaye picha. Simu haina moto na uso hautazamiki. Riya haistahimili safari ndefu. Iko zaidi, na hili nalisema kwa ujuzi wa kanisa langu, katika viti vya mbele vya misa ya Jumapili, ambako mtu hukaa kitako saa nzima akiwa amevaa vizuri.

MWENYEJI: Mtanisamehe kuingilia, maana sikuitwa, lakini nyumba yangu i kando ya barabara hiyo mnayoitaja, upande wa Iganga. Mimi ni Mwanglikana, na mashahidi wetu 23 wa mateso yale twawaadhimisha tarehe ile ile, kwa hiyo sitasema kama mgeni. Kila Mei ikielekea mwisho huwasikia kabla sijawaona. Huyajaza mapipa, na kisima si karibu. Huwapisha wazee walale ndani na wanangu wakalala jikoni. Mnakunywa, mnanibariki, mnaondoka mkiimba. Katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi nina nia gani nami niitume kwa mkono wake. Mwabishana kama mguu husali au moyo husali, kelele au kimya, mbele za watu au sirini, na yote hayo ni mambo ya ndani ya hujaji. Mimi nauliza juu ya aliye kando ya njia. Mtu akiomba mtihani wa mwanawe, kazi ya mumewe na mvua ya shamba lake, akanipita bila kunitazama usoni baada ya kuyanywa maji yangu, mnaiitaje sala hiyo, Katekista mwanangu?

(Jawabu la Katekista kwa Mwenyeji mwandishi amelikata, kwa sababu lilikuwa refu karibu sawa na njia yenyewe, na sehemu yake kubwa ilikuwa shukrani, lililobaki ni hili.)

KATEKISTA: ...na kwa hiyo, mama, mwakani nitaweka mtu mwenye kalamu katika kila kituo, aandike nia za wenyeji kabla hatujala, nazo zisomwe kwa sauti katika rozari ya asubuhi inayofuata, jina kwa jina. Hilo naahidi. Kipaza sauti kitapata kazi ambayo hata Muuguzi hataichukia.

MUUGUZI: Nitakichukia kidogo tu. Lakini nataka na saa moja ya kimya, mchana, njia inapopita Mabira, ambapo kuna kivuli. Kwa ajili ya mama yule.

KATEKISTA: Nusu saa, na wenye bendera wasimame mbele na nyuma.

MUUGUZI: Nusu saa, mwakani. Mwaka wa pili tutabishana tena.

MWENYEJI: Nami sijamaliza. Kuandikwa jina ni kuzuri, lakini jina haliteki maji. Aachwe kijana mmoja kwangu, mwenye nguvu, msafara unapoendelea; abaki siku mbili, anichotee maji ya wale watakaokuja nyuma yenu, kwa kuwa hamwendi peke yenu, baada yenu huja wa Bungoma, na baada yao wengine.

KATEKISTA: Akibaki siku mbili, mama, hatafika tarehe 3.

MWENYEJI: Najua hesabu ya siku.

SHEHE: Sasa ndugu yangu amefika penye kilima. Kijana huyo, Katekista, aliyetoka Busia kwa miguu akaishia Iganga, akateka maji, wala asilione paa la msonge: katika daftari lako la majina, lile unaloonyesha mpakani, utamwandika kuwa amehiji?

KATEKISTA: Nitamwandika.

SHEHE: Pamoja na waliofika?

KATEKISTA: Ukurasa wake. Si ule wa waliofika. Na hapo usinisukume, Shehe, kwa maana kijana mwenyewe, nikimwuliza, atataka kufika.

MWENYEJI: Mwulize basi. Lakini mwulize akiwa kwangu, asubuhi, akiona foleni ya wenye chupa tupu.